Ng'ombe Aliyeghairiwa Mara Tatu

Chebet, na wenzako wawili mtakaokalia kiti changu kwa zamu: watu wananiambia mtu wa miaka thelathini na moja hastaafu, anaachishwa kazi. Mimi nimestaafu. Nilikatiwa keki, nikapewa blanketi, meneja akasema maneno matatu mazuri na la nne ambalo halikuwa na haja. Kama huko si kustaafu, basi sijui wazee wa reli walifanyiwa nini. Sasa niko nyumbani, blanketi iko miguuni kwa sababu ya baridi hii yetu ya Eldoret, na nimeona niwaandikie yale ambayo hayamo kwenye kitabu cha maagizo. Kile kitabu nilikiandika mimi, kwa hivyo najua nilichokiacha.

Nilianza nikiwa na miaka ishirini. Nilitoka Bungoma na cheti cha Form Four ambacho hata mama hakukitundika ukutani, nikaajiriwa na chama chetu cha wafugaji kupokea simu. Kazi ilikuwa moja tu. Ng'ombe akipata joto, yaani akitaka dume, mkulima anapiga simu, mimi naandika kwenye daftari jina lake, kijiji na saa, na daktari anapanda pikipiki kumpelekea mbegu. Ng'ombe hangoji mtu. Joto likianza asubuhi, kesho mchana limeisha, na usipofika unangoja siku ishirini na moja nyingine. Shikeni hizo siku ishirini na moja, kwa maana ndizo zilizokuja kuniumiza.

Niliipenda ile simu. Wakimbiaji wa Kaptagat walikuwa wakipiga wametoka mazoezi, wanahema, hujui kama mwenye shida ni ng'ombe ama yeye mwenyewe. Kina mama wa Chepsaita walikuwa wakianza na salamu za watu wote wa boma kabla hawajataja ng'ombe. Kwa sauti peke yake nilijua nani amepata mvua na nani amekosana na bibi. Jioni nilikuwa narudi kwenye chumba changu cha kupanga nikiwa nimechoka kuongea, na kwa mtu asiye na ndugu mjini, hiyo ni raha.

Halafu chama kikaamua kuwa cha kisasa, kikamleta Oduor.

Oduor ndiye aliyetengeneza fomu ya kwanza ya kuomba daktari kwa intaneti. Alipewa stoo ya nyuma iliyonuka chakula cha ng'ombe, yenye dirisha linaloangalia ukuta, na seva akaiweka chini ya meza. Msidhani seva ilikuwa kitu cha ajabu. Ilikuwa kompyuta kuukuu iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, kama redio ya nyanya. Yeye alikuwa anataka kwenda Nairobi, kwa hivyo ilibidi amfundishe mtu atakayebaki, na mtu aliyekuwa karibu na stoo ni mimi.

"Nekesa, umewahi kutuma barua ya posta?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Hapana. Mimi ni wa juzi."

"Basi tutateseka wote wawili."

Akachukua karatasi, akachora visanduku. Kila kisanduku cha fomu, akasema, kina jina lake la ndani ambalo mteja halioni. Mteja anajaza, anabonyeza Tuma, simu yake inakusanya yote na kuyapeleka kwenye anwani iliyoandikwa kwenye fomu. Huko kwenye seva kuna programu imekaa kama karani dirishani. Inaita kila kisanduku kwa jina lake, inakagua, ndipo inaandika kwenye rejista. "Mteja akiacha kisanduku wazi, usimwamini," akasema. "Akikijaza, pia usimwamini. Kagua."

Akanionyesha kwamba kuna njia mbili za kutuma. Ya kwanza, maneno yananing'inia kwenye mkia wa anwani, kila mtu anayaona, na anwani hiyo unaweza kuinakili na kumpa mwenzako kama linki. Ya pili, maneno yanaenda ndani, kama barua iliyofungwa kwa bahasha. Ya kwanza ni ya kuuliza, ya pili ni ya kubadilisha. Akanifanya niandike: linki ni ya kuangalia, kutenda ni kwa kitufe. Niliandika kwa kalamu nyekundu, nikapiga mistari miwili chini. Kupiga mstari chini ya kitu si kukielewa. Hilo nalo nililiandika, lakini miaka mingi baadaye.

Makosa ya mwanzo yalikuwa ya kuchekesha. Siku moja niliona jina la ndani la kisanduku cha simu halinipendezi, nikalibadilisha kwenye fomu. Sikulibadilisha kwenye seva. Karani wa dirishani akaendelea kuita jina la zamani, hapati jibu, anaandika hewa. Siku mbili nzima tulipokea ng'ombe wenye vijiji na hawana namba ya simu. Siku nyingine mtandao ulikuwa mzito, mama mmoja akabonyeza Tuma mara tano. Daktari Kirwa, ambaye mnamjua na mdomo wake, alipakia mbegu za ng'ombe watano, akaendesha hadi huko, akakuta ng'ombe mmoja na mama mmoja wanamwangalia.

"Nekesa," alinipigia kutoka huko huko, "hawa wengine wanne wamejificha wapi? Ama nianze na mwenye boma?"

Oduor alicheka mpaka akashika meza. Halafu akanionyesha dawa yake: ukishapokea fomu, usimwache mteja kwenye ukurasa ule ule. Mpeleke ukurasa mwingine wa asante, ili hata akiufungua upya asitume tena. Na ombi la pili la ng'ombe yule yule ndani ya saa moja, likatae kwa heshima. Ilikuwepo hadi siku yangu ya mwisho, msikubali iachwe.

Oduor alienda Nairobi kabla mwaka haujaisha. Mwanzoni alikuwa anajibu maswali yangu kwa maneno. Halafu akawa anajibu kwa kidole gumba. Halafu nikabaki na zile tiki mbili tu za kuonyesha ujumbe umesomwa.

Na fomu ikashika. Wakulima waliizoea haraka kuliko tulivyodhani, kwa sababu vijana wao waliwafundisha. Nilihamishiwa stoo moja kwa moja. Simu ikaanza kulia mara kumi kwa siku, halafu mara mbili, halafu kuna wiki nilienda kule mbele nikanyanyua mkono wake kusikiliza kama bado iko hai. Iko hai. Ni mimi nilikuwa nimeinyamazisha, kwa mikono yangu, na meneja alinipongeza kwa hilo. Nilikula chakula cha mchana nikiangalia ukuta. Majina yalikuwa yanaingia kwenye skrini, moja baada ya jingine, bila salamu.

Kilichoniokoa ni kisanduku cha mwisho. Kinaitwa Maelezo mengine, na si lazima kujazwa, kwa hivyo wengi hukiruka. Lakini Mzee Lagat wa Chepsaita hakukiruka hata siku moja. Alikuwa na ng'ombe mmoja mweupe aitwaye Chelel. Mara ya kwanza aliandika hivi: "Ng'ombe huyu alizoea kukamuliwa na mke wangu na mke wangu hayuko tena, kwa hivyo daktari aongee naye polepole." Nilisoma mara tatu. Nikampelekea Kirwa akiwa anafunga buti, nikamsomea.

"Mimi niongee polepole na ng'ombe?" akasema. "Ng'ombe mwenyewe hana haraka."

Lakini aliporudi sikumuuliza, akaniambia mwenyewe: "Nimeongea naye. Amesimama vizuri."

Tangu hapo Mzee alikuwa anaandika hata siku ambazo hahitaji daktari. Kwenye Huduma anachagua Mengineyo, halafu kwenye maelezo anaandika mvua imenyesha upande wa mto tu, ama mahindi ya jirani yamelala. Sikuwa na namna ya kumjibu kupitia fomu. Nilibadilisha tu hali ya ombi kuwa Limesomwa. Najua si kitu, lakini nilikuwa nabonyeza polepole.

Sasa nakuja kwenye lile ambalo ndilo limenifanya niandike.

Kirwa alikuwa amelalamika kwamba anafika mahali na kukuta mwenye ng'ombe ameshatafuta dume la jirani, hakutuambia. Meneja akasema tuwape wakulima njia rahisi ya kughairi. Nikakaa siku mbili, nikatengeneza. Ukituma ombi, unapata ujumbe kwa simu: ombi lako limepokelewa, daktari atafika leo, ukitaka kughairi bonyeza hapa, halafu linki. Ukigusa linki, basi, inapofunguka tu seva inaandika ombi limeghairiwa. Hakuna ukurasa wa kuuliza, hakuna kitufe. Mguso mmoja. Nilijaribu mwenyewe kwa simu yangu, na ombi la ng'ombe wa uongo niliyemwita Jaribio. Ikafanya kazi. Nilijisikia kama Oduor.

Mwezi huo, saa kumi na mbili asubuhi, Mzee Lagat akaomba daktari. Dakika chache baadaye ombi likaghairiwa. Nilidhani amepata dume. Siku ishirini na moja zikapita, akaomba tena, likaghairiwa tena. Kirwa akasema, "Huyu Mzee wako anacheza na sisi mchezo wa kujificha." Ya tatu ilipoghairiwa, Mzee mwenyewe alipiga simu ofisini. Ilipokelewa kule mbele, na nilisikia meneja akimwambia kwa upole ule wa kuongea na mtoto: "Lakini Mzee, wewe ndiye umekata. Hapa inaonyesha ni wewe."

Siku mbili baadaye akaja mwanawe, Amos, kutoka mtaa wa Elgon View hapa mjini. Mtu mpole, koti safi, funguo za gari mkononi. Alikuja kuomba msamaha.

"Baba amezeeka," alituambia. "Anaita daktari, anawakusanya majirani, halafu anamkataa, halafu anakataa kwamba amemkataa. Nataka tu kuona kwa macho yangu kabla sijaamua."

Na nani aliyemwonyesha? Ni mimi. Niligeuza skrini, nikamwonyesha mistari mitatu: Chelel, limeghairiwa na mteja. Chelel, limeghairiwa na mteja. Chelel, limeghairiwa na mteja. Aliangalia kwa muda mrefu. Akasema atamchukua aishi naye mjini, apelekwe kupimwa kichwa. Ng'ombe atauzwa, shamba litakodishwa watu wa mahindi. Akanishukuru. Aliondoka akiwa amenishukuru, Chebet.

Kesho yake iliingia fomu. Huduma: Mengineyo. Maelezo: "Niko kwa Amos. Kama ni mimi ninayekataa daktari, niambieni ninakatalia wapi, ili nijue mahali nilipopotelea."

Sikuweza kubonyeza Limesomwa. Halafu nikafanya kitu ambacho nilipaswa kukifanya tangu mara ya kwanza: nikafungua rekodi ya seva. Hii ni ile orodha ndefu ambayo hakuna anayeipenda, inayoandika kila anayebisha hodi, saa ngapi, ameomba anwani gani, na amekuja kwa programu gani. Nikatafuta zile linki tatu za kughairi. Zote zilikuwa zimefunguliwa. Lakini hazikufunguliwa kwa programu ambayo mtu husomea kurasa. Zilifunguliwa na programu ya kutumiana ujumbe yenyewe, ile ya magrupu.

Nikachukua simu yangu, nikaomba daktari kwa ajili ya Jaribio, nikapata ujumbe. Nikaunakili kwenye ile programu ya magrupu ili nimtumie mtu. Hapo nikakwama, kwa sababu nilipitia majina yote na sikuona wa kumtumia asubuhi kama hiyo. Nikajitumia mwenyewe. Kabla hata sijabonyeza kutuma, programu ikaniletea juu ya ujumbe picha ndogo ya ng'ombe, nembo yetu. Mnaijua hiyo picha, inakuja kila mara ukiweka linki. Ili iipate, programu lazima ikimbie mbele yako ifungue linki ione kuna nini. Nikaangalia skrini. Jaribio: limeghairiwa na mteja.

Nilikuwa nimejaribu kila kitu isipokuwa kumpelekea mwingine.

Na Chepsaita wana desturi yao. Daktari akija kwako, unawaambia majirani kwenye grupu, ili anayeweza aje akusaidie kumshika ng'ombe. Boma lenye vijana halihitaji, linashika lenyewe. Mzee Lagat alikuwa peke yake. Kwa hivyo kila akipata ujumbe wetu, aliuweka kwenye grupu ya majirani neno kwa neno, na linki yake. Majirani wakaona picha ya ng'ombe, wakajua ofisi imejibu, wakaja. Na seva yangu ikawa imeshamfuta.

Nikatoa orodha ya wote walioghairiwa kwa namna hiyo. Walikuwa tisa. Nilisoma majina yao nikijua kila mmoja: mjane wa karibu na kinu, mwalimu mstaafu ambaye watoto wake wako ng'ambo, mama ambaye mumewe ni dereva wa safari ndefu. Wote ni watu wa peke yao. Fomu yangu ilikuwa imewachuja kama chujio la chai, na waliobaki juu ndio wale wasio na mtu wa kuwashikia ng'ombe.

Nilimwambia meneja siku hiyo hiyo. Akauliza kama ninaweza kurekebisha bila watu kujua. Nikasema kurekebisha naweza, lakini kuna mmoja lazima ajue. Jumamosi, kabla sijarekebisha, nikabeba laptopu ya ofisi nikaenda Elgon View.

Mzee Lagat alikuwa amekaa verandani na koti lake kubwa, kiti kimeelekea geti. Alikuwa mdogo kuliko maandishi yake.

"Wewe ndiye Nekesa, yule anayetajwa na daktari?" akaniuliza. "Mimi nilidhani ni mtu mkubwa."

"Ni mimi, Mzee."

"Huko ofisini kwenu mnakunywa chai ya maziwa ama ya rangi?"

"Ya maziwa."

"Basi ng'ombe wa wengine wanapata daktari." Akaonyesha ua wa mwanawe kwa fimbo. "Ona nyasi hii yote. Na hakuna hata mmoja wa kuila. Wanaikata, wanaitupa."

Amos alitoka, akacheka kidogo, akaniletea kiti. Sikutaka kueleza. Nilijua nikianza kueleza nitalia, na mtu anayelia huku anaeleza mambo ya seva haeleweki. Nikamwomba Amos namba yake, nikaomba daktari kwa jina lake, ujumbe ukaingia kwenye simu yake.

"Sasa usiguse linki," nikamwambia. "Unakili ujumbe tu, umtumie Mzee kwa programu ya magrupu. Kama vile unamwambia daktari anakuja."

Akafanya hivyo. Simu ya Mzee ikalia, akaitoa kwenye koti, akaona picha ya ng'ombe. Nikawageuzia laptopu.

"Umeghairi," nikamwambia Amos.

"Sijaghairi."

"Kompyuta inasema umeghairi."

"Lakini sijagusa kitu! Wewe mwenyewe umekaa hapa unaniona. Sijagusa kitu!"

"Hata mimi," akasema Mzee, "nilisema hivyo hivyo."

Amos alikuwa bado ameshika simu mbele yake kama kitu kilichomchoma. Mzee akaniangalia mimi.

"Kwa hivyo si mimi."

"Si wewe, Mzee. Ni mimi. Nilikosea mimi."

"Mara tatu."

"Mara tatu, Mzee."

Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa karatasi zilizokunjwa, nyingi, karatasi za daftari la shule. Akanipa. Alikuwa ameanza kuandika kila kitu anachofanya, ili ajishike. Nimefunga mlango wa zizi. Nimekunywa dawa ya asubuhi. Nimeombea chakula. Kwenye moja, siku ya ombi la tatu: nimebonyeza Tuma, sijabonyeza kingine. Ilikuwa imepigwa mistari miwili chini.

"Hizi sasa unaweza kukaa nazo," akaniambia. "Mimi sizihitaji."

Halafu akamgeukia mwanawe. "Wale wa kununua Chelel wanakuja lini?"

"Jumatatu, Baba."

"Wapigie."

Amos alienda mpaka katikati ya ile nyasi ndipo akapiga. Hatukusikia alichosema. Tulimwona tu akitikisa kichwa, anajikuna shingo, kama mtu anayeomba radhi mahali pengi kwa wakati mmoja. Mzee alikuwa ameshaanza kufunga kamba za viatu.

Hivi ndivyo ilivyo tangu wiki hiyo, na msije mkadanganywa na mtu mwenye haraka. Linki inayoenda kwa mteja inafungua ukurasa tu. Unamwonyesha ng'ombe wake, kijiji chake, saa aliyoomba. Chini kuna kitufe cha kughairi, na kitufe hicho kinatuma kwa njia ya pili, ya bahasha. Seva ikiona mtu amekuja kughairi kwa njia ya linki, inamkatalia. Ukighairi kweli, unapata ujumbe kwamba umeghairi, ili kama si wewe upige kelele. Na kila ombi lina namba ndefu isiyoweza kubahatishwa, ili jirani mtundu asibadilishe tarakimu moja akafika kwa ng'ombe wa mwenzake.

Wale wengine wanane niliwapigia simu mmoja mmoja. Nilikuwa nimesahau jinsi watu wanavyosalimia. Mjane wa karibu na kinu alinisamehe kwa dakika mbili, halafu akaniambia habari za kinu kwa dakika arobaini. Kirwa alipita mlangoni akasikia nacheka.

"Ofisi ina kichaa mpya," akasema. "Mzee Lagat amepona, amekuachia wewe."

Chelel alipata joto wiki ya pili baada ya Mzee kurudi nyumbani. Fomu iliingia saa kumi na mbili na dakika kumi. Nilikaa mbele ya skrini bila kunywa chai mpaka Kirwa akarudi na matope hadi magotini, akaweka alama: limekamilika. Nikageuka nimwambie mtu. Kulikuwa na ukuta. Basi nikauambia ukuta. Miezi tisa baadaye Mzee akachagua Mengineyo, akaandika: "Ni jike. Mweupe kama mama yake, ila sikio moja jeusi." Hakuandika jina, na mimi sikumpigia kuuliza.

Ukapita mwaka mmoja na kitu. Sasa chama kimenunua mfumo mpya wa Nairobi, wenye seva zao huko mbali, na wanasema hauhitaji fundi wa kulinda seva stoo, ninyi watatu wa zamu mnatosha. Sina ugomvi. Nimeusoma, vitufe vyao viko sawa, linki zao ni za kuangalia. Ila kisanduku cha Maelezo mengine wamekitoa, kwa sababu hakiingii kwenye ripoti. Chebet, ndilo ombi langu kwako. Kirudishe. Mtawaambia ni cha daktari, na si uongo.

Siku yangu ya mwisho, keki ilikuwa imeshaliwa na fomu ya zamani ilibaki na saa chache kabla ya kuzimwa. Ikaingia ombi. Mteja: Lagat. Kijiji: Chepsaita. Ng'ombe: Nekesa.

Nilidhani amekosea kisanduku. Nikasoma maelezo. "Huyu ni mtoto wa Chelel. Ni joto lake la kwanza na analia tangu alfajiri. Daktari aongee naye polepole, ni mtu mwenye huruma lakini anashtuka."

Kirwa alikuwa nyuma yangu na kipande cha keki. Alisoma, akatoka mpaka kule mbele akitangaza kwa sauti ya kanisani: "Jamani! Nekesa anatafuta bwana! Nekesa wa Chepsaita, analia tangu alfajiri!" Ofisi nzima ikaanguka kicheko, na mimi nilicheka mpaka nikajifuta macho kwa kitambaa cha seva. Miaka kumi na moja nimepokea majina ya watu na ya ng'ombe, na langu halikuwa limewahi kuingia kwenye ile skrini.

Nikapokea ombi. Ujumbe ukaenda kwa Mzee. Nikafungua rekodi ya seva, nikangoja, na dakika mbili hazikuisha, nikaiona: programu ya magrupu imekuja, imefungua linki, imeangalia, imeondoka. Majirani wameshaambiwa. Ombi limebaki pale pale.

Nje nikasikia Kirwa anawasha pikipiki. Nikakunja blanketi yangu, nikaifunika seva kitambaa chake, na skrini nikaiacha wazi kwenye ule mstari mmoja: Nekesa, Chepsaita, daktari yuko njiani.